Sindano Niliyokwambia Uifiche

Kabula mwanangu,

Salamu tumepeana leo kutwa tukimenya karanga, na hali yako naijua kuliko unavyoijua mwenyewe, kwa hiyo nisijifanye nakuandikia kutoka Ulaya. Uko chumba cha pili, umelala kitanda kimoja na wifi yako, na hapo ndipo penye tabu. Tangu alipokuja kukuuguza hajakuacha hata dakika. Ukienda bombani anakwenda, ukienda dukani kununua chumvi anakumbuka ghafla kwamba na yeye anataka vocha. Ninayotaka kukwambia hayasemeki mbele yake, ndiyo maana nimekaa na kalamu kama mwanafunzi wa jioni. Asubuhi nitakupelekea ndoo ya maji ya moto bafuni, na karatasi hizi zitakuwa zimekunjwa ndani ya kanga. Zisome humo humo. Masanja atakuja kuwachukua na bajaji kutoka gesti alikolala, maana mkwe halali nyumbani kwa mama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza naishukuru desturi hiyo kwa kunipa nafasi.

Sitakufundisha kupika wala kuamka mapema. Igunga umeshakaa, unajua ng'ombe wao wanakamuliwa saa ngapi na mama yake Masanja anataka mlenda uwe mzito kiasi gani. Kama hujajua mpaka sasa, basi hutajua tena, na mimi sina muda wa mlenda.

Nataka kukwambia habari za sindano. Nakusikia ukisema, "Mama, si nesi alishaeleza?" Alieleza, tena vizuri. Ila alieleza inavyofanya kazi mwilini. Inavyofanya kazi ndani ya nyumba ya watu hakueleza, wala si kosa lake, yeye hakuolewa Ntalikwa.

Unakumbuka siku ile. Ulikuwa umerudishwa kwangu baada ya operesheni, mshono bado unakuuma, mtoto wako tumeshamzika. Daktari alikuwa amesema usishike mimba kwa miaka miwili, kizazi kipate kupona, la sivyo kinaweza kuchanika na wewe ukaenda na mtoto. Nikakupeleka kliniki mimi mwenyewe. Nesi akakuonyesha aina zote, vidonge, kijiti, kitanzi, wewe ukachagua sindano kwa sababu haionekani. Akakuchoma kwenye bega, akakukataza kupasugua, akakwambia: "Hii inakaa miezi mitatu. Inazuia yai lisitoke. Siku zako zinaweza kuvurugika mwanzoni, uone matone matone, halafu zinaweza kukata kabisa. Usiogope."

Ukamwuliza, "Sasa hiyo damu inakwenda wapi?"

Akacheka. "Haiendi popote, dada. Kile kitanda cha damu kinachojengwa kila mwezi kwa ajili ya mtoto, safari hii hakijengwi. Kisichojengwa hakibomoki. Wanaosema inajaa tumboni, waambie wewe huna pipa humo."

Tukacheka wote watatu, ila mimi moyoni nilikuwa mbali. Njiani nikakwambia maneno ambayo leo yananinyima usingizi. Nilikwambia, "Usimwambie mtu. Hata Masanja." Kisha nikakufundisha ule ujanja wa bustani, kwamba ukirudi Igunga, kila mwezi utenge siku zako za uongo, usiingie kwenye maboga wala mboga, umtume mtoto wa jirani akuchumie. Kwa sababu kule, kama kwetu, mwanamke aliye kwenye siku zake haingii bustanini, eti maboga yataoza machanga. Na mama mkwe yeyote mwenye akili zake hana haja ya kumwuliza mkwe wake kitu. Anaangalia bustani tu, anajua.

Hukuniuliza nimeujulia wapi ujanja huo. Niliujua kwa sababu mimi mwenyewe niliusahau, na kusahau kwangu kulimfisha mtu.

Niliolewa Ntalikwa nikiwa mdogo kuliko wewe. Kaka yako nilimzaa kwa shida, damu ikanitoka mpaka nikawa sijui kama ni mchana au usiku. Aliyenisimamia wakati ule hakuwa mama yangu wala bibi yako mzaa baba. Alikuwa Shangazi Minza, shangazi yake baba yako, mjane, nyumba yake ng'ambo ya shamba letu la karanga. Alinifulia, akaninywesha uji wa ulezi kwa kijiko, akawa ananitania kwamba nimejilegeza makusudi ili nilishwe. Nikapona. Mkunga wa zahanati akaniambia nipumzike kuzaa, na siku nilipompeleka kaka yako kupimwa uzito nikachoma sindano, hii hii ya miezi mitatu. Sikumwambia baba yako. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mtoto wa mama yake, basi. Neno likiingia kwake jioni, asubuhi bibi yako alikuwa analitwanga kwenye kinu.

Siku zangu zikakata. Nilifurahi, kusema kweli. Hakuna vitambaa vya kufua kwa kujificha, hakuna tumbo la kuuma wakati wa palizi. Mwili ukanenepa kidogo, kichwa kikawa kinagonga mara moja moja, lakini hayo niliyavumilia. Nikawa naingia kwenye maboga kila siku, nachuma majani asubuhi, nachuma jioni, mwezi unaingia, mwezi unatoka, sina habari. Bibi yako alikuwa anakaa kizingitini akipeta mchele, wala hanitazami. Kumbe ananitazama.

Siku moja akaniita. "Mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Una mimba?"

"Sina, mama."

"Basi damu yako iko wapi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi: nimechoma sindano. Angenitukana, angemwita baba yako, pengine wangenirudisha kwetu na kaka yako mgongoni. Yote hayo mtu huyapita. Mimi nikajibu, "Sijui, mama."

"Sijui" ile ikatupeleka kwa mganga. Alikuwa anakaa nje ya mji, pembeni ya njia ya zamani ya wapagazi, ile itokayo Ujiji. Bibi yako alitangulia, kuku kwapani, mimi katikati, baba yako nyuma. Njia nzima nilikuwa najiambia, tukifika kwenye kile kichuguu nitasema. Tukafika. Nikajiambia, tukifika mtoni. Mto ulikuwa mkavu, tukavuka bila hata kukanyaga tope. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kwenye njia ile mpaka pwani, na walipofika kambini walitua mizigo wakalala. Mimi wangu sikuutua, na mpaka leo sijautua.

Usidhani mganga alikuwa wa kutisha. Alikuwa kijana, kavaa shati safi kama karani, anaongea taratibu. Akampasua yule kuku, akaangalia ndani, akasema, "Huyu kafungwa. Damu yake imefungiwa ndani. Aliyemfunga ni mwanamke wa upande wa mume, anakaa peke yake." Kisha akanigeukia mimi, kwa upole kabisa. "Kuna chakula ulikula kwa mtu kama huyo?"

Hakutaja jina. Nataka ulielewe hilo. Yeye hakumjua Shangazi Minza kwa sura wala kwa jina. Wa kumjua nilikuwa mimi.

Nikasema, "Nilikula karanga. Kwa Shangazi."

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini nilisema. Nadhani ni kwa sababu bibi yako alikuwa ananitazama, na baba yako ananitazama, na swali hilo lilikuwa rahisi kujibu kuliko lile la kwanza. Hakuna sababu nyingine ya maana. Nilinyweshwa mizizi, nikatapika mpaka nyongo, na tumbo langu tangu siku hiyo halipatani na kitu kichungu. Nilikuwa nakunywa dawa ya kufungua kitu ambacho kingejifungua chenyewe.

Tuliporudi, watu wakaacha kuitikia salamu za Shangazi. Yeye alidhani wana haraka. Alikuwa anasimama njiani na jembe lake, anaita, "Mwangaluka, mayu!" na mtu anapita kama hakusikia. Mimi pia nilipita. Alikuja mara moja mpaka uani kwetu na bakuli la karanga za kukaanga, akanikuta peke yangu, akaniita mama kama alivyozoea: "Mayu, nimekukosea nini?" Nikamwambia hajanikosea. Akaliacha bakuli kwenye kinu akaondoka. Bibi yako alipolikuta alizimwaga karanga zile shimoni, akalivunja bakuli kwa jiwe.

Kisha ikaja asubuhi walipomkuta mlangoni kwake. Ilikuwa panga. Zaidi ya hapo sitaandika, na usiniulize. Usiku wa kuamkia siku hiyo baba yako hakulala nyumbani. Alirudi kunakucha, akaoga maji ya baridi, akaomba uji. Sikumwuliza alikuwa wapi. Nimeishi naye, nimemzalia, nimemuuguza, nimemzika kwa nyimbo zetu za Moravian, sikumwuliza. Labda alikuwa kwenye pombe kwa rafiki zake. Hiyo "labda" ndiyo ninayolalia, nawe nakupa, ingawa si urithi wa kumpa mtu.

Sindano sikurudia tena. Niliogopa hata kupita mbele ya zahanati. Lakini mwili haukurudi siku hiyo hiyo, haurudi hivyo. Ulichukua muda wake, mwaka na zaidi, na mwaka huo wote bibi yako alikuwa ananiangalia tumbo kila nikiinama. Ndipo siku zangu zikarudi, na baada yake mimba. Mimba hiyo ni wewe, Kabula. Ulipozaliwa, bibi yako alikutoa uani akakunyanyua mbele ya watu, akasema, "Mmeona wenyewe! Aliyekuwa amemfunga si ameondoka?" Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa ndani, nasikia, najua ni dawa tu iliyokwisha mwilini. Hata nilipokuwa nakunyonyesha nilikuwa nashindwa kukutazama usoni, na wewe ulikuwa mtoto mzuri sana.

Sasa nikwambie kwa nini nimeyatoa haya usiku huu na siyo miaka kumi iliyopita.

Leo wakati wa kula, ulipotoka kwenda kuchukua maji ya kunawa, wifi yako aliniambia, "Mama, bibi yetu Nkwimba macho yamekuwa mekundu sana siku hizi."

Macho mekundu ya kikongwe kwetu huitwa uchawi, lakini nikamtania. "Mnapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, huo moshi utaacha macho ya nani meupe?"

Akacheka kidogo, kwa heshima. Kisha akasema, "Ni kweli, mama. Ila mama nyumbani anasema, mtoto wa Kabula, bibi ndiye aliyempakata wa kwanza kule hospitali. Na sasa mimi nimekaa hapa mwezi umepita, sijaona siku hata moja wifi akiacha kuingia kwenye mchicha. Nilimpigia mama nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema tusihofu. Tukifika kuna mtu ameshaongea naye, atatuangalia."

Niliendelea kumega ugali, mkono wangu ukifanya kazi yake wenyewe. Nilikufundisha ujanja wa bustani ya Igunga, mwanangu, nikasahau kwamba jicho limeshakuja kukaa hapa Chemchem, linakula kwenye sinia letu. Nimekosea mara ya pili kosa lile lile, tena nikiwa na mvi.

Msichana huyu usimchukie. Hana ubaya, anakupenda, mwezi mzima amekufulia. Hata mama yake Masanja si mtu mbaya. Wamezika mtoto, na mtu aliyezika mtoto hutafuta pa kuelekeza macho. Sisi tumewaachia pengo kubwa mahali ambapo neno letu moja lilipaswa kukaa, na wao wanalijaza kwa wanachokijua. Wanamjaza Bibi Nkwimba. Ni yule yule anayekuita mke mwenzake na kumwita Masanja mume wake, anayekufichia maziwa mgando chini ya kitanda ili mama mkwe wako asione. Uliniambia mwenyewe kwamba ulipozinduka hospitali alikuwa yeye ndiye anakupepea.

Mtafika huko, mtapelekwa kwa huyo mtu, na utaulizwa kwa upole, ulikula kwa nani. Usijidanganye kwamba utakuwa jasiri. Mimi nilijiona jasiri njia nzima, na swali likifika jina hutoka lenyewe.

Na usiseme utavumilia mpaka miaka miwili iishe. Nilikuwa na wewe nesi aliposema: hata ukiacha sindano, mwili unaweza kukaa miezi mingi, wengine mwaka na ushee, kabla mimba haijaingia. Si ugumba, ni mwili unaamka polepole. Wengine huwahi, sikatai. Lakini katika miezi hiyo hiyo ya kungoja ndipo watu hutafuta mchawi. Siri hii haina mwisho ulio karibu. Halafu Masanja ni mtu wa minada, leo Nzega kesho Shinyanga, mimi simtuhumu, ila sindano haina habari na Ukimwi wala kisonono. Mkitaka kujikinga na hayo ni kondomu, na kondomu haifichwi kwenye bega. Sindano ya pili umechoma juzi, wifi yako akingoja nje ya kliniki akidhani unaangaliwa mshono. Ya tatu utaichomea Igunga, kwenye zahanati ambako kila mtu anamjua kila mtu. Au utaikosa kwa kuogopa kuonekana, ushike mimba na mshono huo. Kote kuna shimo, na mimi ndiye niliyekuelekeza njia.

Siwezi kukuahidi kwamba Masanja atalipokea vizuri. Namjua kwa salamu tu, "Shikamoo mama," "Marahaba baba," kisha anaangalia chini, kama mkwe anavyotakiwa. Nilimwona akilia nyuma ya gari siku ya maziko, amejificha na kofia. Hicho tu ndicho nilicho nacho. Anaweza kukasirika. Anaweza kusema ubaki hapa hapa kwanza. Ukibaki, kitanda ni chako, na karanga za kumenya hazijapata kwisha nyumba hii. Anaweza pia kuwa mtu wa kusimama mbele ya mama yake akasema, "Ni daktari amekataza, na mimi nimekubali." Neno hilo kwa kinywa chake lingemaliza kila kitu. Kwa kinywa chako peke yako, mbele ya mganga na kuku ameshapasuliwa, litakuwa limechelewa.

Nimekuzaa mimi, lakini kuna kitu nimekunyima tangu uko mchanga: mama anayesema. Ulimpata anayejua kuficha. Unaficha vizuri sana, Kabula, nimekuangalia mwezi huu mzima ukicheka na wifi yako, nikaona nimejizaa mwenyewe, na nikaogopa.

Kwa hiyo sikuombi. Mama mkwe hakai jikoni na mkwe wake, hamtazami machoni, sembuse kumtajia kizazi cha binti yake. Hata hapa ninapoandika uso umenipata moto. Lakini bajaji ikisimama, nitamtuma wifi yako sokoni akaninunulie asali ya kumpelekea mama yake, na nitamwita Masanja jikoni, nimpe kigoda akae. Na wewe utakuwepo. Ukianza kusema, mimi nitatoka nje niwaache wawili. Ukinyamaza, nitasema mimi, ya sindano na ya Ntalikwa, nitamtajia na Shangazi Minza kwa jina lake, kisha nitampa simu ampigie mama yake nikiwa nimesimama hapo hapo.

Utanichukia. Najua, maana wewe ni mgumu kusamehe kama mimi. Nichukie tu, mwanangu, na keshokutwa asubuhi Bibi Nkwimba afungue mlango wake mwenyewe.

Mama yako.